Tarakimu ya Tisa: Maisha ya Vlasta Fabiánová (1952–2022)

Leo, Alhamisi tarehe 27 Januari 2022, tunamsindikiza Vlasta Fabiánová, ambaye kabla ya ndoa aliitwa Mikulenková. Wasifu huu umeandikwa na Drahomíra, binti wa kaka yake, kwa ombi la mumewe, Antonín Fabián, mwokaji ambaye wengi wenu mmekula mkate wake. Antonín alisomewa juzi Jumanne mezani kwake. Hakubadili hata neno. Alisema tu, "Usinipambe, Drahomíro. Kwenye mazishi kila mume huwa malaika. Soma yote, na ile habari ya tisa isome." Basi itasomwa.

Vlasta alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 kijijini Valašská Bystřice, mtoto wa tatu kati ya wanne wa Josef Mikulenka, mkata miti, na mkewe Aloisie. Alikuwa mtoto mkaidi. Alipokuwa na miaka saba, baba yake alirudi kutoka msituni akakuta mgongo wa redio umefunguliwa, skrubu zimepangwa sakafuni kwa ukubwa, na Vlasta amelala kifudifudi akitazama taa za ndani zikiwaka. Alichapwa. Jumapili iliyofuata redio ilikuwa wazi tena, ila safari hii aliirudisha vizuri, na baba yake akakiri kwamba ilikuwa inasikika safi kuliko mwanzo. Hakumchapa tena kwa ajili ya redio, ingawa sababu nyingine hazikukosekana.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, kisha kuanzia mwaka 1967 hadi 1970 alisomea ufundi wa umeme huko Rožnov. Darasani kwao wasichana walikuwa wawili. Mwalimu mmoja alimwuliza kama hangependa zaidi kusomea ushonaji. Vlasta akamjibu, "Ningependa, mwalimu, lakini sindano hainirushi kama umeme." Alimaliza wa pili darasani, na hadi uzeeni alikuwa anaudhika kwamba hakuwa wa kwanza.

Mwaka 1970, mwezi wa Septemba, aliajiriwa katika kiwanda cha taa za vioo, kwenye meza ya taa za tarakimu. Vijana hawazijui, kwa hiyo ni vyema tuzieleze. Ni kichupa cha kioo chenye gesi kidogo ya neoni, na ndani yake kuna tarakimu kumi za chuma chembamba, sifuri mpaka tisa, zimesimama moja nyuma ya nyingine kama sahani kabatini. Ukiipa tarakimu moja umeme wa volti mia na sabini hivi, gesi inayoizunguka huwaka rangi ya makaa, na tarakimu hiyo peke yake huonekana. Zilitumika kwenye mizani, vipima muda na mashine za maabara kabla hazijaja saa za vioo vya kijivu tunazovaa mkononi. Kazi ya Vlasta ilikuwa kuzipanga zile tarakimu kwa kibano, akiwa na glavu nyeupe, bila kupumulia juu yake.

Ni glavu hizo zilizomletea mume. Antonín alikuwa akipeleka mikate kwenye bwalo la kiwanda. Siku moja alimkuta Vlasta amekaa na supu yake ya kabichi, glavu zimewekwa kando juu ya leso safi.

"Samahani dada, wewe ni daktari au bi harusi?"

"Mimi ni fundi. Na wewe unanipukutishia unga kwenye supu."

Antonín anasema hapo hapo alijua amepatikana. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Juni 1974 katika kanisa hili hili, na mwaka 1977 wakajaliwa binti yao wa pekee, Hedvika. Ilikuwa ndoa ya watu wawili wenye kazi zinazopishana: mmoja aliamka saa nane za usiku kukanda unga, mwingine alirudi jioni macho yamechoka. Waligombana kama watu wote. Hawakuwahi kulala wamenuniana zaidi ya siku mbili, kwa sababu Antonín hajui kununa, huanza kucheka mwenyewe.

Taa za tarakimu zilipopitwa na wakati Vlasta alihamishiwa kwenye vioo vya televisheni, na kiwanda kilipofunga milango miaka ya tisini, alikwenda kukaa dirishani posta mpaka alipostaafu. Hakupenda posta. Alisema barua haziwaki.

Mwaka 2003 Hedvika alikuwa anasafisha darini akashuka na katoni ya taa za tarakimu zilizofungwa kwenye magazeti ya zamani, zawadi ambayo Vlasta alipewa siku meza yao ilipovunjwa na ambayo alikwisha kuisahau. Hapo ndipo yalipoanza maisha yake ya pili. Taa ya kwanza aliiunguza. Aliiunganisha moja kwa moja na umeme bila kizuizi cha kupunguza mkondo, ikatoa mwanga wa zambarau, ikalia "tik," ikapasuka. Mwanamke aliyezipanga taa hizo kwa miaka alikuwa hajawahi kuziwasha hata moja! Alikaa akitazama vigae, kisha akasema, "Mjinga mkubwa wewe, Vlasto," akaenda kununua vitabu.

Alijifunza. Alijifunza kutoa volti mia na themanini kutoka kwenye chaja ndogo ya volti kumi na mbili, kuchagua kizuizi, kuamrisha tarakimu kwa kidude kidogo chenye miguu kumi na sita. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi wapenzi wa mambo hayo walikutana baani, wanaume watupu na yeye. Bohuslav Škrobák, ambaye yupo hapa leo na ataniwia radhi, alikuwa wa shule ya kuziwasha taa kwa zamu, haraka haraka, ili jicho lidanganyike kwamba zote zinawaka pamoja; hivyo unaokoa nyaya. Vlasta hakutaka kusikia.

"Kila tarakimu na waya wake," alimwambia. "Wewe Bohouš unazilisha kwa kijiko kimoja, watoto sita."

"Na wewe Vlasto nyaya zako zimejaa mpaka sanduku haliingii hata nzi."

"Nzi ana shughuli gani humo?"

Saa alizotengeneza zilikwenda Brno, Vienna, hata Japani. Lakini kila aliyepewa saa alipewa pia sharti moja, na alilirudia mpaka watu wakachoka. Tarakimu inayowaka hutema vumbi jembamba la chuma, na vumbi hilo hutua juu ya zile ambazo haziwaki. Tarakimu isiyowashwa muda mrefu hufunikwa polepole, na siku ukiihitaji haitaki tena kuwaka. Kwa hiyo kila siku lazima zote kumi zifanyishwe mazoezi, moja baada ya moja, hata ile usiyoitumia. Wenye mambo hayo wote wanajua. "Taa haifi kwa kazi," alikuwa akisema Vlasta. "Hufa kwa kusahauliwa."

Katika vuli ya mwaka 2019 ulimi wake ulianza kuwa mzito. Mwanzoni tulimtania kwamba amekunywa slivovice, pombe kali ya plamu, ya Antonín. Tarehe 6 Februari 2020 daktari wa mishipa ya fahamu alimweleza jina la ugonjwa: ni ule unaoua mishipa inayoendesha misuli, unaanza na ulimi, kisha mikono, miguu, na mwisho pumzi. Akili hauigusi. Daktari alisema hivyo kama habari njema, na huenda ilikuwa. Antonín alishika kofia yake miguuni pa kitanda cha hospitali, akauliza kama kuna chakula cha kumpa ili apone. Hapakuwa na chakula.

Kiangazi kile, mikono ikiwa bado inamtii, Vlasta alijitengenezea sanduku la kuzungumzia. Lilikuwa na taa moja tu, kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na hakubaki na nyingine ya aina hiyo. Lilikuwa na kitufe kimoja. Ukibonyeza, tarakimu inasogea mbele hatua moja, ukiacha, inabaki. Siku ya Jumapili alituketisha mezani mbele ya frgál, ile keki bapa, ya peari, maneno yake yakiwa tayari yanaburuzika, akatufundisha. Sifuri, niko sawa. Moja, maji. Mbili, chai. Tatu, nigeuzeni. Nne, baridi. Tano, namtaka Tonda, yaani Antonín. Sita, namtaka Hedvika. Saba, redio. Nane, naumwa.

"Na tisa?" akauliza Hedvika.

"Tisa ni inatosha. Siku mkiona tisa, hakuna gari la wagonjwa, hakuna hospitali. Nabaki hapa hapa nyumbani."

Antonín aliweka uma chini. "Ungeifanya tisa iwe chai."

"Chai ni mbili, Tonda."

"Basi ungeifanya frgál."

"Tonda. Kula."

Kufikia Krismasi sauti ilikuwa imekwisha. Kufikia Pasaka kilikuwa kimebaki kidole cha kati cha mkono wa kushoto, nacho tulikiwekea kitufe. Antonín alifunga duka la mikate na kumtunza mwenyewe: alimwogesha, alimgeuza, alimlisha kwa mpira wa tumboni, alimsomea habari za mpira wa magongo ambazo Vlasta alizichukia. Kutwa taa ilikaa kwenye sifuri. Kila tukiingia tuliiona ile sifuri, tukafarijika, tukala, tukaondoka. Na kila asubuhi baada ya kahawa Antonín alizifanyisha tarakimu mazoezi kama alivyoagizwa. Hakuwa na subira na saa, kwa hiyo alipima kwa Salamu Maria, moja kwa kila tarakimu. Sifuri, Salamu Maria. Moja, Salamu Maria. Mpaka nane. Halafu alibonyeza mara mbili upesi, akarudi kwenye sifuri.

Tisa hakuisalia. Hakuweza kuitazama. Alituambia baadaye kwamba aliona kama ataiita.

Hedvika alimwona, akadhani ni uzee. Vlasta naye alimwona kila asubuhi kutoka kwenye mto wake. Alijua kuliko mtu yeyote kinachotokea ndani ya kile kioo, na hakuwa na tarakimu ya kusema acha.

Mwezi wa Oktoba 2021 mapafu yaliziba. Ilikuwa mchana, amebadilika rangi, kifua kinavuta kama mlango uliokwama. Hedvika alipiga simu, gari likaja, daktari kijana na wasaidizi wawili wakajaa chumbani na machela. Kidole cha Vlasta kikaanza kubonyeza. Tulihesabu sote. Sita. Saba. Nane. Kisha akabonyeza tena, akaacha.

Katika taa palikuwa na ukungu wa zambarau, na juu yake kijipande chembamba cha rangi ya makaa, kama ukucha uliokatwa. Basi.

"Mgonjwa anasemaje?" aliuliza daktari.

Kila mtu mle chumbani aliyejua kuhesabu alijua baada ya nane inakuja nini. Hedvika alimtazama baba yake. Antonín alimtazama daktari.

"Sanduku limeharibika," alisema. "Mchukueni."

Wakamchukua. Kidole bado kilikuwa kimelalia kitufe, ikabidi kiondolewe.

Hatuwezi kumlaumu, na hatuwezi kusema alifanya vyema. Nani kati yetu angesema vingine, gari likiwa mlangoni na mkeo anakata roho? Hospitali walimtoa kwenye mauti kwa ustadi na wema. Alilala huko wiki nyingi, na siku za wageni zilikuwa chache mwaka ule wa korona, akarudishwa mwanzoni mwa Desemba na mashine ya kupumulia yenye kinyago kilichomla ngozi ya pua. Alikuwa hai. Antonín alimwekea sanduku, akaweka kitufe chini ya kidole.

Vlasta hakubonyeza. Siku ya kwanza tulidhani amechoka. Siku zilizofuata tuliona kwamba anaweza, kwa sababu kidole kiligonga shuka. Kitufe ndicho ambacho hakukigusa. Hakuomba maji. Hakuomba kugeuzwa. Alimtazama Antonín moja kwa moja, na Antonín alipanga mito, alipangua mito, aliuliza baridi, aliuliza redio, aliuliza naumwa, mpaka akatoka kwenda kusimama kwenye baraza bila koti. Mtu aliyekanda unga wa kijiji kizima kwa miaka arobaini hakujua afanye nini na mikono miwili.

Ndipo Bohuslav alipokuja kusalimia. Alizungusha tarakimu zote, kama wafanyavyo wao kabla hata hawajavua viatu, na alipofika mwisho akasimama.

"Tonda, hii tisa imelala. Nani alikuwa anazifanyisha mazoezi?"

Antonín akageukia dirishani. Bohuslav si mjinga. Alitazama kitandani, akatazama dirishani, akavuta kiti.

"Sikiliza, inaamshika," alisema taratibu. "Unatoa kile kizuizi unaweka kidogo zaidi, mkondo unaongezeka, unaiacha tisa peke yake iwake siku kadhaa. Vumbi linaungua. Ila taa ni ya zamani. Inaweza kupasuka, na nyingine hakuna. Ikipasuka hatakuwa na tarakimu hata moja. Nikuletee vyombo niifanye mimi?"

Kidole kikabonyeza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kikaacha hapo.

"Anakutaka wewe," alisema Bohuslav.

"Niko hapa, Vlastičko. Unataka nini?"

Akazunguka mzunguko mzima, akarudi tena kwenye tano.

"Hapana, Tonda," alisema Bohuslav. "Anataka uifanye wewe."

"Mimi mwokaji! Mimi ule umeme uliwahi kuning'ata mpaka nikadondosha bakuli!"

Tano haikuondoka. Bohuslav alienda kuleta chuma cha kulehemu.

Basi Antonín, akiwa na miaka sabini na mmoja, alilehemu kwa mara ya kwanza maishani mwake, kitandani pa mkewe, ili kuamsha tarakimu ambayo hakuna kitu duniani alichokiogopa kuliko hiyo. Bohuslav alimwonyesha jinsi ya kuchomoa waya na kungoja umeme uliojificha utoke. Hata kizuizi alikichagua Vlasta: alibonyeza moja, kisha sifuri, kisha tatu, na Bohuslav akajipiga gotini kwa kicheko. "Anatusomea mistari ya rangi ya kizuizi! Moja kahawia, sifuri nyeusi, tatu chungwa. Kitafute hicho kwenye kikasha, Tonda." Antonín aliungua kidole gumba, akatukana, akaomba msamaha kwa Mama Maria, akaendelea. Vlasta alitazama kila tone la risasi ya kulehemu. Wale waliowahi kufundishwa naye wanajua alivyotazama.

Kisha wakaiwasha tisa, wakaiacha.

Ilibidi Antonín aishi nayo. Iliwaka akimwogesha, iliwaka akila, iliwaka alipoamka. Siku ya kwanza ilikuwa ukungu ule ule, na kioo kilipata moto hata Hedvika akaomba izimwe kabla haijapasuka. Antonín alimwambia aache. Siku ya pili ule ukucha ukarefuka. Siku ya tatu duara la juu likajifunga, mkia ukashuka, na kufikia chakula cha mchana ilikuwa tisa nzima, angavu, haikosi kitu. Antonín alilia kwa sauti kama mtoto. Akarudisha kizuizi cha zamani kwa mkono wake, akampa mkewe kitufe.

Vlasta alibonyeza mara moja. Sifuri. Niko sawa.

Tangu hapo alirudi kuzungumza nasi. Krismasi aliomba redio. Mwaka mpya alimtaka Hedvika mara nyingi, bila kazi yoyote, amkalie karibu tu. Asubuhi Antonín alisali Salamu Maria kumi.

Alhamisi tarehe 20 Januari, baada ya chakula cha mchana, pumzi ilianza tena kumshinda. Hedvika alishika simu. Antonín alipiga magoti ili kioo na uso wa mkewe aone vyote kwa pamoja. Kidole kilianza, polepole, kikipumzika kati ya tarakimu moja na nyingine. Kilipofika nane kikakawia. Antonín alikuwa anaomba ikome hapo, anasema hivyo mwenyewe: nane ana dawa yake, nane anaiweza. Kikabonyeza tena.

Tisa iliwaka yote.

 Antonín akaweka kiganja juu ya ule mkono.

"Nimeiona, Vlasto," alisema. "Nimeiona. Hedviko, weka simu chini."

Daktari wa kijiji alikuja na dawa ya kumpunguzia maumivu na hofu. Padri alikuja. Hakuna mwingine aliyeitwa. Alifariki Jumamosi tarehe 22 Januari 2022, kengele za saa sita mchana zikilia, akiwa na miaka sitini na tisa, kitandani kwake.

Marehemu ameacha binti, Hedvika, na mume wake Luboš, wajukuu wawili, Kryštof na Anežka, kaka, Vilém, wapwa saba, Bohuslav na wenzake wa Alhamisi ya kwanza. Na ameacha mume, Antonín, ambaye hakupewa tarakimu yoyote ya kusema hapana, na aliyesema sawa.

Bwana ampumzishe Vlasta mahali ambapo atasema mwenyewe, kwa kinywa chake, na asikatizwe. Apumzike kwa amani.